Saa Mbili na Dakika Ishirini

Adolphine alipima njia kwa siku. Kwa zaidi ya miaka thelathini aliuza samaki wakavu aliowafuata Pweto, kwenye Ziwa Mweru, juu ya malori, na majirani zake wote wa mtaa wa Annexe, Lubumbashi, waliijua hesabu yake: kiangazi siku mbili, wakati wa mvua siku nne, na lori likinasa kwenye matope huko mbele ya Kasomeno, Mungu ndiye ajuaye.

Bintiye Séphora alipoolewa Kinshasa, mama alitumia kipimo hichohicho. Kutoka Lubumbashi ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano, na Pweto haifiki hata mia tano. Basi ni wiki na zaidi, na mifupa yake haikuwa tena ya kulala juu ya magunia. Séphora alimweleza mara nyingi kwamba ndege hutumia saa mbili na dakika ishirini. Adolphine aliitikia kwa adabu, kama alivyomwitikia mnunuzi aliyetaja bei ya kuchekesha. Miaka tisa ikapita, wajukuu wawili wakazaliwa, akawajua kwa sauti za simu.

Mwaka jana akazaliwa wa tatu, msichana, akapewa jina la bibi yake. Hapo Adolphine akakubali kupanda ndege.

Alisafiri na chakula cha siku mbili: mihogo, mayai, karanga. Jirani yake kitini alikuwa Anaclet, mwalimu mstaafu, naye hajawahi kupanda ndege. Ilipoinuka, saa nne asubuhi, mwalimu alifumba macho akaushika mkono wa Adolphine kwa nguvu. Adolphine, aliyekuwa amejiandaa kuogopa, akakosa nafasi ya kuogopa. Alimmenyea yai, akamsimulia madaraja mabovu ya njia ya Pweto mpaka mwalimu akacheka. Walikuwa bado kwenye karanga walipoambiwa wafunge mikanda.

"Kuko nini tena?" akauliza.

"Tunafika, mama," mwalimu akamjibu.

Saa yake ya mkononi ilionyesha saa sita na dakika ishirini. Ya uwanjani, saa tano na dakika ishirini, maana Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Hakushughulika nayo. Alikuwa amemwona Séphora, amenenepa kidogo, mtoto mgongoni. Walikumbatiana, kisha Adolphine akaanza kulia, na machozi hayakukatika.

"Mama, uko mugonjwa?"

"Hapana. Miaka tisa, mutoto wangu. Kumbe ni njia ya kula karanga tu."

Séphora hakumlaumu. Alifungua kitenge, akampa mtoto, akachukua begi la chakula.

Adolphine alikusudia kukaa wiki mbili. Akakaa miezi mitatu. Wajukuu wakubwa walijifunza kwake kusafisha samaki, na yule mdogo alianza kutambaa palepale sebuleni, akimfuata bibi yake kila alikokwenda.