Ombi la Hadi Darajani

Mwaka wa korona, mpaka wa Busia ulipofungwa na bodaboda zikakatazwa kubeba abiria, nilikuwa Masaba, upande wa Uganda, kwa mama mkwe wangu, mimba ikiwa ya miezi tisa. Mume wangu, dereva wa lori, alikuwa amekwama upande wa Kenya akisubiri majibu ya kipimo. Nyumbani tulibaki wanawake wawili.

Uchungu ulinianza asubuhi nikichambua maharage. Mama akampigia simu jirani mwenye pikipiki. Jirani akasema jana yake askari walichukua ya mwenzake na hawajairudisha. Mama hakubishana. Alifunga nguo za mtoto kwenye leso, akanishika kiwiko.

"Tunakwenda na miguu," akasema.

Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa mtu asiye na shida. Mimi nililelewa katika kanisa la maombi marefu, basi njiani nikaomba nilivyozoea: Mungu aondoe ugonjwa duniani, afungue mpaka, amlinde mume wangu, anipe mtoto mzima. Kila ombi lilinikumbusha jambo jingine la kuogopa. Tulipofika bondeni kwenye mafunjo, chupa ya uzazi ilipasuka, maji yakanilowesha hadi miguuni. Nikaketi palepale barabarani.

"Mama, siwezi. Nimeomba hadi nimechoka."

"Wewe unaomba mbali sana," akasema. "Omba ya hapa."

Akainua uso, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya ua: "Baba, unatuona. Fikisha sisi kwa daraja."

Tukafika darajani. Akashukuru, akaomba tufike kwenye duka lililokuwa limefungwa. Uchungu ukija namning'inia shingoni, ukipungua tunaendelea. Kupita duka kidogo, goti lake bovu likagoma. Alishika nguzo ya seng'enge, jasho likimtoka. Nikangoja aombe. Hakuomba. Nikaomba mimi: "Baba, msaidie Mama goti." Lilikuwa ombi langu fupi kuliko yote niliyowahi kuomba. Mama akacheka kidogo, akavuta mguu, tukaenda.

Kwenye kizuizi cha polisi barabarani, askari kijana alianza kutuuliza barakoa ziko wapi. Halafu akaona nguo zangu zilivyolowa. Akainua mti wa kizuizi, akatubebea lile furushi hadi mlangoni pa kituo.

Binti yangu alizaliwa saa sita mchana, mkunga hata hajamaliza kuvaa glavu.

Siku chache baadaye Mama alikuwa akimwogesha kwenye beseni, jua likiwa juu uani, nami nikamwuliza kama alijua tungefika.

"Sikujua," akasema. "Mimi nilizaa mmoja kwa hiyo njia tulipita. Ule wa pili wangu. Hakulia."

Miaka yote niliyoolewa pale, hakuna aliyewahi kunitajia mtoto huyo.

"Ulikuwa unaogopa, Mama?"

"Sana. Kushinda wewe."

Mimi nilidhani waombao kwa utulivu namna ile huwa hofu imeshawatoka. Yeye alitembea nayo saa zile zote, mkono wake mgongoni kwangu, na hakunigawia hata kidogo. Akamgeuza mtoto kifudifudi juu ya kiganja, akamwosha mgongo polepole, kisha akaniambia nilete taulo.