Mbegu za Nkome

Katika kazi yetu ya kuchora ramani ya mimea pori ya nchi, nilishika sharti moja: tetesi haziingii. Mama Neema, mchoraji wetu, alipotaka kuweka alama moja Geita kwa maneno ya wachimbaji, nilimkaripia mbele ya wenzake.

Kiangazi hiki niliukuta Nkome, ufukweni mwa ziwa, mmea adimu wenye mbegu za vindoano. Kwingineko majani yalikuwa yamekauka, hivyo nilitafuta mbegu ardhini. Nyahanga niliziona nilipoketi kupumzika, Isaka vilevile. Kwamba zilikuwa pale tu nilipoketi, halikunishughulisha. Niliandika, kwa uhakika wa mtu aliyejionea, kwamba mmea umeenea mbali na ziwa.

Siku ya kuidhinisha ramani niliisoma taarifa hiyo nikiwa nimevaa koti langu lile lile la safari. Nilipoinuka kitini, Mama Neema aliokota mbegu pale nilipokuwa nimeketi, kisha akabandua nyingine kwenye pindo la koti langu.

"Shikamoo tena, Mzee," alisema taratibu. "Naona mmea umefika hadi ofisini. Hapa napo niweke alama?"