Upepo Uliotolewa Juani

Mume wangu hupima upepo wa matairi baada ya swala ya alfajiri, kabla lori halijasogea. Siku ile tulikuwa Malindi, tela limejaa saruji ya kupeleka Mokowe, nami nimepanda naye kurudi nyumbani Wiyoni, ng'ambo ya Mokowe, baada ya kumuuguza dada yangu. Alizunguka na geji yake akaongeza upepo kwenye matairi ya tela.

"Mzigo wa leo mzito," aliniambia. "Tairi likiwa laini hujikunja, likajipasha moto lenyewe."

Kaka yake mkubwa tulikuwa naye. Lori lilikuwa lake zamani, kabla ya macho kumsumbua, na bado alilizungumzia kama lake.

Tulifika kizuizi cha polisi jua la utosini. Kutoka pale magari huvuka msitu kwa msafara unaolindwa na polisi, kwa hofu ya wavamizi, na hakuna dereva anayetaka kubaki nyuma. Mume wangu akaenda kuswali adhuhuri. Nikasikia upepo ukitoka tairini, mlio mrefu. Nilipoteremka, shemeji alikuwa amechuchumaa kando ya tela, geji mkononi.

"Shemeji, bwana ameshayapima asubuhi."

"Asubuhi ni asubuhi, Bi. Tazama, yamepanda upepo. Tukenda hivi yatatupasukia ndiani."

Alikuwa amefika tairi la mwisho. Mume wangu aliporudi nikamweleza. Aliweka kiganja juu ya tairi, akakiondoa haraka.

"Kaka, yamepanda kwa moto wa safari. Hupimwa yakiwa baridi. Sasa upepo hautoshi mzigo huu."

"Mimi nimeendesha magari wewe ukiwa mtoto wa chuoni, wasoma juzuu."

"Najua, Kaka."

Pale hapakuwa na pampu. Magari ya mbele yakaanza kuondoka. Mume wangu alitazama msitu, akanitazama mimi, akawasha injini.

Alikwenda polepole. Mabasi yakatupita, kisha malori, mwisho gari la polisi la nyuma. Askari akatupungia tuongeze mwendo. Hakuongeza. Barabara ilipobaki tupu, harufu ya mpira unaoungua ikaingia dirishani, na tela likaanza kutuvuta kushoto, kulia, kushoto. Tairi likapasuka kwa kishindo nilichokisikia kifuani. Mume wangu hakukanyaga breki. Aliushika usukani mpaka lori likasimama lenyewe.

Niliambiwa nibaki ndani. Sikuweza. Nilisimama nikichunga barabara huku wao wakihangaika na jeki. Vichaka vilikuwa karibu mno na lami, na sikusikia hata ndege. Kwa mbali ikatokea pikipiki yenye watu wawili. Ikasimama. Wakatutazama kwa muda, kisha wakageuza wakarudi walikotoka.

"Waliona nini?" nikauliza.

"Kaza nati hiyo, Kaka," mume wangu akasema.

Tulitambaa hadi Witu, alasiri imekwisha kuingia. Shemeji alitaka tujaze upepo tuendelee. Safari hii mume wangu alikataa waziwazi. Tukalala kwa rafiki yake.

Alfajiri, matairi yalipokuwa yamepoa, geji ilionyesha upepo umeshuka sana kwenye tela lote. Kisha mume wangu akainama kwa tochi chini ya tela. Tairi moja la upande wa ndani lilikuwa limevimba ubavuni, kama jipu, na nyuzi za chuma zimeanza kuchomoza. Tulikuwa tumelikalia lile njia nzima.

Shemeji alilipapasa kwa vidole, kwa kuwa macho yake hayakuona vizuri. Akakaa chini kwenye vumbi, akajifunika uso kwa kofia yake.

"Ningaliwaua," akasema.

Mume wangu alimpa mpira wa pampu. "Shika hapa, Kaka. Niambie ukisikia unavuja."

Walilibadilisha lile bovu, wakajaza mengine moja moja. Tulifika Mokowe kabla ya adhuhuri. Vibarua walipoanza kushusha saruji, shemeji alikuwa amekaa peke yake kwenye kivuli cha lori, na hapana aliyemwita asimamie kazi.