Mwalimu Asiyekunywa Maji

Mnanilazimisha kuandika mimi niliyeishia darasa la pili, na wajukuu zenu wenye kalamu wamekaa tu. Haya. Mwalimu wetu wa kike wa hesabu hapa kisiwani Malaita hanywi kitu tangu kengele ya asubuhi hadi ya jioni. Akiandika mstari mmoja ubaoni hulamba midomo, imempasuka yote, na ikifika saa nane sauti yake inakwaruza. Choo cha shule ni kimoja, cha wanaume, na kwetu mwanamke hakanyagi huko. Cha wanawake kiko kijijini, ng'ambo ya kijito, na kipindi hakimruhusu kwenda na kurudi. Juzi alikuja mkaguzi kuuliza walimu wapewe nini wapate moyo wa kazi. Mimi mpishi nikagawa madafu. Mwalimu akalishika lake kwa mikono miwili, asilitie mdomoni. Kukataa dafu kwetu ni tusi. Mkuu wa shule, Maelaua, akamkazia macho.

"Mwalimu, unamdharau mgeni?"

"Simdharau, mkuu. Nikinywa, nitakwenda wapi?"

Mkaguzi akajichekesha. "Basi tutakupa cheti cha mwalimu bora!"

"Cheti ndicho nitakichuchumalia?" Akalitua dafu mezani kwa kishindo hadi likamwagika. "Barua ya uhamisho nimeshaandika. Ijumaa napanda meli."

Kidato cha nne wana mtihani mwezi ujao, na hatuna mwingine wa kuwafundisha hesabu. Shimo la choo cha wanawake hapa shuleni nimeanza kulichimba mwenyewe, limenifika kiunoni. Wewe unayesoma hapa, lete mbao na mlango wenye komeo kabla ya Ijumaa.