Siku Mama Aliposema Sijambo

Harufu ya mpunga unaoungua haifanani na ya ukoko. Ukoko huwaita watu sufuriani, lakini mpunga ukiungua shambani watu hukimbia na ndoo. Niliijua harufu hiyo nikiwa na miaka tisa, msimu wa kuamia ndege, wakati kila familia ya kisiwani kwetu katika delta ya Rufiji ilipohamia shambani na kuishi kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, ambamo mtu hukaa akifukuza ndege na nyani wasiumalize mpunga. Dungu letu nililichoma mimi. Mama alinikanya nisimpige mdogo wangu, nami nikachukua kijinga cha moto jikoni nikakichomeka kwenye makuti. Mama alipokuja kunivuta nilimng'ata mkono mpaka damu ikatoka. Nakumbuka nilisimama nikitazama moto, bila furaha wala majuto, na nadhani hilo ndilo lililomtisha mama kuliko moto wenyewe.

Haikuwa mara ya kwanza. Nilikwisha kuvunja mbao za madrasa na kuwapasua wenzangu vichwa kwa mawe. Mwalimu wa madrasa aliniandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi nikanywa. Nilikunywa kwa adabu, nikaomba sahani ya pili. Fundi mmoja wa pepo kutoka Ngarambe akanifukiza mpaka nikakohoa siku tatu, pepo hakutoka. Majirani nao walikuwa na dawa yao: walimwambia mama kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mama aliitikia, akaenda kutwanga. Baada ya moto, mwalimu mkuu alisema nisirudi shuleni mpaka nionwe na daktari. Muuguzi wa zahanati akatuambia kwamba daktari bingwa wa afya ya akili ya watoto angekuja hospitalini Kibiti kwa siku mbili, na baada ya hapo hatujui tena lini.

Tukaondoka alfajiri na maji yakijaa, kwa boti ya mashine hadi Nyamisati, kisha pikipiki hadi Kibiti. Mama alikuwa amenisuka, akanipaka mafuta na kunivisha gauni la Idi. Njia nzima alinifunza: nitoe shikamoo, nikae kitako, nisiguse kitu. Yeye mwenyewe alijitanda khanga hadi viganjani, na joto lote lile. Chumbani nilitulia kama mwali. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole, aliuliza mtoto anasumbuliwa na nini.

"Hajambo, daktari," mama akasema. "Hajambo kabisa, tunamshukuru Mungu."

Kwetu mtu akiulizwa hali husema njema, hata kama ndani kuna maiti. Jambo baya huja baadaye, baada ya maji ya kunywa na habari za watu wa nyumbani. Daktari hakuwa mtu wa kwetu, na foleni ilifika hadi uani. Aliuliza kama nakula, akajibiwa nakula vizuri. Kulala, vizuri. Shule, naipenda mno. Mwishowe akafunga faili na kututakia safari njema. Mama akashukuru na kuinuka, machozi yamemjaa, mdomo bado unatabasamu. Nilimwonea huruma, na hilo lilikuwa jambo jipya kwangu. Nikaivuta khanga yake mpaka mkono ukabaki wazi.

"Nani amekuuma, mama?" daktari akauliza.

Mama akaivuta khanga kuufunika mkono.

"Mimi," nikasema. "Na dungu nimelichoma mimi."

Mama akakaa tena, akalia, akaeleza yote bila mpangilio, kuanzia katikati. Daktari alisema ni maradhi, yanatibika kwa subira, na tungerudi mara nyingi kwa wenzake wa hospitali hiyo. Akasema pia kwamba hayakutokana na malezi mabaya. Mama alimwomba arudie maneno hayo ya mwisho, naye akayarudia.

Tulirudi Kibiti misimu mitatu. Sasa naishi hapahapa, nina duka la vitambaa, na hasira ikinipanda nafunga mlango nikatembee hadi ishuke. Siku hizi boti ni nyingi na kila mtu ana simu, ila majibu ya salamu hayajabadilika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mama yangu hakuwa akificha, alikuwa na adabu tu, na adabu yake ilitaka kuniponza. Juzi nilimpigia simu kumjulia hali. Akaniambia sijambo kabisa, mwanangu, namshukuru Mungu.

Nikafunga duka, nikaenda Nyamisati kupanda boti ya kisiwani.