Kidole Kilichofika Mdomoni

Nakumbuka siku moja wodini Kajiado, mwanangu, ulipokuwa mdogo hata nikikulaza kifuani chini ya shati, mtu hajui nimebeba mtoto. Ulizaliwa kabla ya wakati. Mama yako alikuwa bado hana nguvu, kwa hivyo muuguzi akaniambia nikupashe joto kwa ngozi yangu. Mimi mkulima wa nyanya wa Kimana, na hii mikono yangu migumu, nilikuogopa kweli.

Maziwa ulikuwa unayapata kwa mrija mwembamba uliopita puani, maana kunyonya hukujua. Ukiwekwa kwenye titi unalala tu. Daktari alishatuambia kwamba usipojifunza kunyonya hatuendi nyumbani.

Basi siku hiyo nikahisi kitu kinatembea kifuani. Mkono wako ulikuwa unapanda polepole, unakwama, unapanda tena, mpaka kidole gumba kikafika mdomoni. Ukaanza kukinyonya. Kwetu mtoto akinyonya kidole alikuwa anachapwa, kwa hivyo nikakishika nikitoe.

"Baba, wacha!" muuguzi akaniambia. "Huyo anafanya mazoezi. Ngoja nimuite mama yake."

Nilikutazama nikapigwa na butwaa. Nani alikuwa amekufundisha? Hukuwa umeona mtu yeyote akinyonya chochote. Mama yako akaja akijishikilia ukutani, tukakuhamishia kwake, na ukanyonya. Ukachoka, ukapumzika, ukanyonya tena. Nililia mbele ya watu, wala sioni haya kukuambia.

Sasa jana unanipigia simu kutoka Kitengela, eti unataka kumpaka mwanao pilipili kidoleni kwa sababu anakinyonya na majirani wanamcheka. Hiyo pilipili iweke kwenye mboga. Mtoto ambaye hata mwaka hajamaliza, wewe mnawishe mikono, halafu uangalie kama ni usingizi, njaa, au anakutafuta wewe. Ukimpa chuchu ya bandia anyonye badala ya kidole, ioshe vizuri, na usiichovye kwenye sukari. Akishakuwa mkubwa wa kuelewa, mwongeleshe kwa upole kabla meno ya ukubwani hayajaota, na ikishindikana, mpeleke kwa daktari wa meno. Lakini usimwaibishe, mwanangu.

Mungu akulindie huyo mdogo, na kila akifanya jambo usilolielewa, akujalie kushangaa kwanza kabla hujagomba.