Mtu wa Dawa Aliyemaliza Laini Yangu

Haya, wenye miraa tafuneni polepole, wenye masikio sogeeni hapa. Hii nimeona na macho yangu mawili, na ningekuwa na la tatu lingeona pia.

Mimi nauza chai ya maziwa ya ngamia mbele ya kliniki moja hapa Modogashe. Watu huniita eedo, yaani shangazi. Sukari naweka mpaka kijiko kinasimama wima kama askari. Daktari wa hapo alikuwa peke yake. Mwenye homa, kwake. Mzee anayetaka tu tembe zake za presha za kila mwezi, pia kwake. Laini ya wagonjwa ilikuwa ndefu, mkia uko karibu Isiolo. Mtoto alizaliwa kwa hiyo laini akaota meno kabla mama yake hajafika mlangoni. Na wote wanangoja na kikombe changu mkononi. Nilikuwa tajiri, wallahi.

Halafu daktari akaajiri mfamasia, kijana mwembamba kutoka Garissa. Akakaa chumba cha pili na wazee wa presha na sukari, anamwaga mifuko yao ya dawa mezani: hii endelea, hii acha, hii umepewa mara mbili. Daktari akabaki na wagonjwa wapya. Ikifika saa nne laini imeisha. Chai yangu ikashika utando mnene, paka akapita juu bila kulowa mguu.

Nikaingia kwa daktari na birika mkononi.

"Daktari, huyu mtu fukuza."

"Amekukosea nini, eedo?"

"Anamaliza watu haraka."

Daktari akacheka. "Mshahara wake unaniuma, lakini sasa naona wagonjwa mara mbili ya zamani. Hao ndio wanamlipa. Simfukuzi."

"Na mimi nitakula laini gani?"

Kabla hajajibu, mzee mmoja akatoka chumba cha pili na tembe kiganjani. "Eedo, kijana ameniambia nimeze hii na chakula. Nimetoka Diff na lori, sijaweka kitu tumboni. Uko na nini?"

Nikampa anjera, chapati nyembamba ya kwetu, niliyofichia watoto wangu. Nyuma yake mama mwingine, ameambiwa hivyo hivyo. Nyuma ya huyo, wengine watatu.

Wiki iliyofuata niko na anjera, maini ya mbuzi na jiko nne. Moshi wangu ulifukuza mawingu mpaka Banissa. Kijana akakataza wazee sukari, nikaweka birika ya pili bila sukari, bei ile ile. Sukari iliyobaki ningeweza kujengea nyumba ya ghorofa.

Siku moja daktari akatoka kutafuta chai, hakuna hata jiwe la kukalia, wagonjwa wake wamejaa wanatafuna. Akaangalia sufuria zangu. Akaangalia dirisha la mfamasia.

"Eedo," akasema, "mshahara wa huyu kijana tulipe nusu kwa nusu."